Kanzu ya Padre na Nikabu ya Mwanamke: Somo kutoka Ufaransa



Katika tafakari yetu ya juma hili tumeona vema tuligeukie swali ambalo limewasumbua watu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 15 sasa, nalo ni hili: je, serikali impige marufuku mwanamke wa Kiislamu kuvaa nikabu, yaani vazi linalofunika uso na kuacha macho tu, au imwachie achague mwenyewe? Ufaransa ilijibu kwa sheria mwaka 2010. Ubelgiji ilifuata mwaka 2011, Austria mwaka 2017, Denmark mwaka 2018. Huko Uswisi wananchi wenyewe walipiga kura tarehe 7 Machi 2021, asilimia 51.2 wakakubali katazo, na sheria yake ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025.

Wapo waamini wetu wanaozipokea habari hizi kwa furaha, kana kwamba ni ushindi wa upande wetu. Furaha hiyo ina walakini mkubwa. Katika nchi hiyohiyo ya Ufaransa, Bunge liliwahi kukaa na kujadili kama vazi la padre lipigwe marufuku barabarani, na hoja zilizotolewa siku ile zinafanana mno na hoja za mwaka 2010. Tuanze basi na kanzu, ndipo tuje kwenye nikabu.

Mwaka 1905 Bunge la Ufaransa lilikuwa likitunga sheria ya kutenganisha dini na dola. Hali ilikuwa ya uhasama mkali. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, sheria ya Julai 1904 ilikuwa imewanyima watawa ruhusa ya kufundisha shuleni, na wengi wao wakafunga virago kwenda nchi nyingine. Katika mji wa Kremlin-Bicêtre, kando ya Paris, meya Eugène Thomas alikwisha kutoa amri tangu mwaka 1900 ya kukataza kanzu ya kipadre isivaliwe katika eneo lake. Ndipo mwezi Juni 1905 mbunge wa Drôme, Charles Chabert, akasimama na kupendekeza kwamba katazo la namna hiyo liwe la nchi nzima.

Tuisikilize hoja yake kwa makini, maana Chabert hakusema kwamba anawachukia mapadre. Alisema anawahurumia. Kwa maoni yake, kanzu ile ndefu ilimtenga padre na jamii, ilimfanya mateka wa wakubwa wake, ilibadili hata mwendo wake na namna yake ya kufikiri. Mvue kanzu, naye atakuwa raia huru kama wengine. Na tena, alidai, wako mapadre wengi wanaotamani moyoni kuivua ila hawathubutu kusema, nao wanaisubiri Serikali iwafungulie mlango.

Aliyemjibu ni Aristide Briand, mtetezi mkuu wa muswada wenyewe. Ikumbukwe kwamba Briand hakuwa rafiki wa Kanisa. Sheria aliyoitetea ndiyo iliyolaaniwa na Papa Pio wa Kumi mwezi Februari 1906. Hata hivyo alilipinga pendekezo la Chabert. Alisema itakuwa ni kujitia kichekesho kutunga sheria ya uhuru na papo hapo kuitumia kuwaamuru watu wabadili mshono wa nguo zao. Dola ikishatengana na Kanisa, kanzu mbele ya dola ni nguo kama nguo nyingine, na raia yeyote aweza kuivaa akipenda. Kisha akaongeza, kwa mzaha uliojaa busara, kwamba mkiipiga marufuku kanzu hii, mapadre watashirikiana na washona nguo na kubuni vazi jingine, lisilo kanzu, lakini litakalomtambulisha padre barabarani vilevile. Kura zilipopigwa, 391 zilikataa pendekezo na 184 zikaliunga mkono.

Kilichofuata ndicho kinachotufundisha zaidi. Mapadre wa Ufaransa waliendelea kuvaa kanzu, na wengine waliivaa kwa fahari zaidi kwa sababu walijua ilikuwa ikichukiwa. Mwaka 1962 maaskofu wa huko waliwaruhusu mapadre wao kuvaa suti yenye kola ya kipadre, na baada ya miaka michache kanzu ikawa nadra katika mitaa ya Paris. Chabert alitaka polisi waifanye kazi hiyo. Ilikuja kufanywa na mapadre wenyewe, kwa sababu zao wenyewe, muda mrefu baadaye. Kama ilikuwa vema au vibaya, hilo ni suala jingine, na tunajua mapadre wazee wawili watatu ambao hatungependa kulianzisha mbele yao.

Wabunge wa mwaka 1905 walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu, kwa maana nchi yao ilikwisha kuonja matunda ya njia ile nyingine. Wakati wa Mapinduzi, mwaka 1792, mavazi ya kidini yalipigwa marufuku. Masista Wakarmeli wa Compiègne walitolewa katika monasteri yao mwezi Septemba mwaka huo, wakavuliwa shela na kuvishwa nguo za kiraia, eti sasa wako huru. Wao waliendelea kusali pamoja kwa siri, katika vikundi vidogo. Walipokamatwa mwaka 1794, inasimuliwa kwamba nguo zao za kiraia zilikuwa zimelowekwa kufuliwa, nao walikuwa wamevaa zile za kitawa, na hivyo ndivyo walivyopelekwa Paris. Tarehe 17 Julai 1794 wote 16 walikatwa vichwa. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandika katika orodha ya watakatifu tarehe 18 Desemba 2024. Hatuwalinganishi mashahidi hao na mtu aliyetozwa faini. Tunasema tu kwamba wazo la dola kumweka mtu huru kwa kumvua vazi lake halikuzaliwa mwaka 2010, na wa kwanza kulionja hawakuwa Waislamu.

Waislamu walionja baadaye, katika koloni la Algeria. Huko wanawake wengi walivaa haiki, shuka kubwa jeupe la kujitanda mwili mzima, na mara nyingi kitambaa kidogo juu ya pua na mdomo. Mwezi Mei 1958, vita vya ukombozi vikiwa vimepamba moto, majenerali wa Kifaransa waliandaa mikutano mikubwa katika uwanja wa Forum mjini Algiers. Wanawake wa Kialgeria waliletwa uwanjani, wakasimama mbele ya umati, na haiki zao zikavuliwa kwa shangwe, huku wake wa maofisa wakishiriki katika shughuli hiyo. Dunia ilitakiwa ione kwamba Ufaransa inawakomboa wanawake. Ni Ufaransa hiyohiyo, tusisahau, ambayo jeshi lake lilikuwa likiwatesa waume na kaka zao katika vyumba vya mahojiano.

Matokeo yake yaliandikwa mwaka uliofuata na Frantz Fanon, daktari aliyejiunga na wapigania uhuru. Alieleza kwamba wanawake waliokuwa wameacha kuvaa haiki kwa hiari yao siku nyingi waliichukua tena. Kitambaa ambacho jana kilikuwa desturi, leo kilikuwa bendera. Na vita vyenyewe vilikwisha kuonyesha jinsi macho ya askari yanavyodanganyika: mwaka 1956 wasichana wa chama cha ukombozi walipita vizuizini vichwa wazi, wamevaa kama Wafaransa, mabomu yamo ndani ya vikapu, baadaye, askari walipoanza kuwashuku wasichana wa namna hiyo, wakarudi kwenye haiki na kuficha silaha chini yake. Aliyedhani kwamba anaijua nafsi ya mwanamke kwa kuutazama mtandio wake alikosea pande zote mbili.

Sasa tuje mwaka 2010. Rais Nicolas Sarkozy alikuwa ametangaza mbele ya Bunge mwezi Juni 2009 kwamba burka haina nafasi katika ardhi ya Ufaransa. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikadiria kwamba wanawake waliofunika uso nchini humo walikuwa kama 1,900, katika taifa la watu zaidi ya milioni 60. Tume ya wabunge iliundwa, ikasikiliza watu wengi. Baraza la Dola, ambalo ndilo mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria, lilitahadharisha mwezi Machi 2010 kwamba katazo la jumla la kufunika uso kila mahali halina msingi imara wa kisheria. Hata hivyo muswada uliendelea, ukapita katika Bunge kwa kura 335 dhidi ya 1, wapinzani wengi wakiwa wamesusa kupiga kura, na katika Seneti kwa kura 246 dhidi ya 1. Ulianza kutumika tarehe 11 Aprili 2011. Anayefunika uso hadharani hutozwa faini isiyozidi euro 150, au huamriwa kuhudhuria mafunzo ya uraia. Anayemlazimisha mtu mwingine kufunika uso aweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000, na adhabu hiyo huongezwa maradufu aliyelazimishwa akiwa mtoto.

Msomaji atatambua kwamba ile sauti ya Chabert imerudi. Amefungwa, haijui hali yake, tumfungue. Safari hii hapakuwa na Briand wa kuwachekesha wabunge wenzake.

Nao watetezi wa sheria hawakukosa hoja za maana, na si haki kuwafanya wote kuwa maadui wa Uislamu. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa Kiislamu, wengine wenye asili ya Algeria, waliokumbuka yaliyotokea huko katika miaka ya 1990, wakati vikundi vyenye silaha vilipowaua wasichana kwa kukataa kujifunika kichwa. Katia Bengana, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 17, aliuawa kwa sababu hiyo huko Meftah tarehe 28 Februari 1994. Mwanamke aliyeikimbia hofu ya namna ile, akaikuta nikabu katika mtaa wake mpya pembezoni mwa Paris, ana haki ya kushtuka. Na leo tunaiona Afghanistan, ambako mwezi Mei 2022 watawala wa Taliban waliamuru wanawake wafunike nyuso zao wanapotoka nje, na kuwawajibisha baba na waume wao wasipotii. Neno “hiari” si rahisi kulitamka mbele ya mambo kama haya.

Lakini tuitazame Iran, ambayo imepita njia zote mbili. Mwaka 1936 Reza Shah aliamuru wanawake wavue mitandio, na polisi wakawavua barabarani kwa nguvu. Wanawake wengi, hasa wazee na wale wa familia za kidini, walijifungia majumbani, wengine kwa miaka, mpaka mfalme huyo alipoondolewa mwaka 1941. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 amri iligeuzwa, na kufikia mwaka 1983 kutojifunika kichwa kukawa kosa la jinai. Mahsa Amini alifariki tarehe 16 Septemba 2022 baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya mtandio wake. Bibi alivuliwa na polisi, mjukuu akavishwa na polisi. Aliyebadilika ni anayetoa amri. Anayeamriwa amebaki yuleyule.

Hapo ndipo tunapoona kosa la sheria ya Ufaransa. Yule mwanamke ambaye kweli amelazimishwa na mumewe, tukimkataza kutembea na nikabu, hatumwondolei mume, tunamwondolea barabara. Atabaki ndani, hataenda sokoni wala hospitali wala shuleni kwa watoto wake, mahali ambapo labda angekutana na mtu wa kumwambia shida yake. Na yule ambaye hakulazimishwa na mtu, huyo tunamlazimisha sisi. Mtafiti wa Kifaransa Agnès De Féo, aliyewafuatilia wanawake hao kwa miaka kama kumi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2020, alikuta kwamba baadhi yao walianza kuvaa nikabu baada ya sheria kupita, na kwa sababu ilipita. Mfanyabiashara mmoja, Rachid Nekkaz, aliahidi mfuko wa euro milioni moja wa kuwalipia faini. Briand angetabasamu.

Iko hoja ya usalama, ambayo sisi Waafrika hatuwezi kuipuuza. Mwaka 2015 Kongo-Brazzaville, Chad, na kisha Kamerun katika jimbo lake la Kaskazini ya Mbali, zilikataza vazi la kufunika uso kwa kuhofia Boko Haram. Chad ilifanya hivyo siku chache baada ya mashambulio ya tarehe 15 Juni mjini N'Djamena. Serikali inayozika raia wake haina anasa ya kufanya majadiliano marefu, nasi hatutaki kuihukumu tukiwa mbali. Ila tarehe 11 Julai, katazo likiwa limekwisha kutolewa, mwanamume aliyejivika vazi la kike la kufunika uso alijilipua kwenye soko kuu la mji huohuo na kuua watu zaidi ya 10. Mtu aliyekwisha kuamua kufa hazuiwi na faini. Anazuiwa na ukaguzi mlangoni, na kwa ukaguzi huo mwanamke mwenye nikabu aweza kuombwa afunue uso mbele ya askari wa kike, kama inavyofanyika katika viwanja vya ndege vingi.

Mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Ufaransa haikushinda kwa hoja ya usalama, wala kwa hoja ya hadhi ya mwanamke. Katika hukumu ya tarehe 1 Julai 2014 mahakama hiyo ilikubali jambo moja tu: kwamba uso ulio wazi ni sehemu ya kuishi pamoja katika jamii, na kwamba nchi yaweza kulilinda hilo. Majaji wawili kati ya 17 walipinga. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa maoni yaliyo kinyume, ikisema haki za wanawake wawili waliotozwa faini zilikuwa zimevunjwa. Sheria ingali ipo.

Hoja hii ya uso tunaikubali nusu. Sisi tunaoishi kwa kuwasikiliza watu twajua uso unasema nini kabla mdomo haujafunguka, na tunakiri kwamba kuzungumza na mtu asiyeonekana kunatuwia vigumu. Ila ugumu wetu si kosa lake la jinai. Na ajabu ya historia ni kwamba tarehe 11 Mei 2020, kwa sababu ya Korona, Ufaransa iliamuru kila msafiri katika mabasi na treni afunike pua na mdomo. Sheria ya mwaka 2010 inaruhusu kufunika uso kwa sababu za afya, basi hapakuwa na mgongano wa kisheria. Lakini taifa lote liliishi pamoja likitazamana kwa macho tu, na halikusambaratika. Sisi Waswahili lugha yetu ilikwisha kutuchekea: kifaa kile tulikiita barakoa, jina ambalo zamani lilikuwa la kifuniko cha uso cha mabibi wa Kiarabu wa Unguja, neno lenye asili moja na hiyo burka.

Na tukiwa hapo Unguja, tukumbuke kwa kifupi kwamba enzi za utumwa kujifunika kulikuwa heshima ya waungwana, na mtumwa hakuruhusiwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani na binti zao walilichukua buibui. Kwao lilitangaza kwamba hawana bwana tena. Mbunge wa Paris angeliona na kusema ni minyororo.

Basi sisi tunasimama wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba binadamu asishurutishwe katika mambo ya dini, na ukawataja wanaoweza kumshurutisha: mtu mmoja mmoja, makundi ya jamii, na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Ukaweka pia mipaka ya haki, kwa ajili ya utulivu wa wote. Kwa hiyo mume au kaka anayemfunika mwanamke kwa vitisho aadhibiwe, na kifungu kile cha Ufaransa cha euro 30,000 tunakiunga mkono bila kusita, ingawa twajua ni vigumu kukithibitisha mahakamani, kwani ni mke gani atakayesimama kumshitaki mumewe kisha arudi naye nyumbani? Uso ufunuliwe benki, mpakani, kwenye chumba cha mtihani, mbele ya hakimu, mahali popote ambapo lazima ijulikane huyu ni nani. Na mwalimu wa watoto wadogo aonekane na wanafunzi wake. Lakini mwanamke mtu mzima anayepita njiani kwenda zake, asiyemdhuru mtu, aachwe apite.

Sauti kama hiyo ilisikika mwaka 2010 ndani ya Kanisa la Ufaransa lenyewe. Askofu aliyekuwa akishughulikia mahusiano na dini nyingine alionya kwamba, tukitaka Wakristo walio wachache katika nchi za Waislamu wapate haki zao zote, hatuna budi kuziheshimu kwetu haki za waamini wote. Wabunge hawakumfuata. Waamini wengi pia hawakumfuata.

Wasomaji wawili wametuuliza juu ya sheria ya mwaka 2004, inayokataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali za Ufaransa, misalaba mikubwa ikiwamo. Hiyo ina historia yake, nayo ni ndefu. Mungu akitujalia uzima, tutaigusa juma lijalo.